Nyaraka Zisizo na Jirani: Uhakiki wa Taswira ya Mpigakura Mkristo katika Nyaraka za Kichungaji Zikisomwa kutoka Rasbura, Lindi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna nyaraka za kichungaji za makanisa ya Tanzania zinavyomchora mpigakura Mkristo, na kile kinachoitokea taswira hiyo nyaraka hizo zinaposomwa katika mji ambao Wakristo ni wachache. Matini zilizochunguzwa ni hati za kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2010, nyaraka za Kwaresima na Pasaka za mwaka 2018, na tamko la maaskofu Wakatoliki kuhusu mkataba wa bandari la mwaka 2023. Uhakiki umeongozwa na dhana ya msomaji anayedokezwa na matini. Hoja kuu ni kwamba imani ya Kikristo humpa mpigakura vigezo zaidi kuliko inavyompa mgombea, na kwamba nyaraka hizi zina nguvu pale zinapotaja vigezo. Udhaifu wao ni kutomwona jirani asiye Mkristo, ambaye naye huzisikia, huzitafsiri na kuzitolea hukumu. Rasbura, kata ya Manispaa ya Lindi, imechaguliwa kuwa mahali pa kusomea kwa sababu huko jirani huyo hawezi kusahaulika.

1.0 Utangulizi

Swali la uhusiano wa imani na kura nchini Tanzania huulizwa mara nyingi kwa njia ya hesabu: Wakristo wangapi wamempigia nani? Swali hilo halina jibu la kitakwimu linaloaminika. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mwananchi, na karatasi ya kura haina mahali pa kuandika dhehebu. Anayedai kujua jinsi Wakristo walivyopiga kura anakisia kwa kutazama ramani ya majimbo na majina ya wagombea.

Kwa mintarafu hiyo, makala haya yanaweka hesabu kando na kuchunguza maandishi. Nyaraka za kichungaji ni utanzu wenye kanuni zake. Huandikwa na maaskofu kwa pamoja, husomwa kwa sauti mbele ya waumini, huanza kwa salamu ya kitume, hupita katika Maandiko, huchambua hali ya nchi, na hufunga kwa baraka. Ni miongoni mwa matini chache za kisiasa za Kiswahili ambazo mkulima asiyenunua gazeti huzisikia zikisomwa mwanzo hadi mwisho. Ajabu ni kwamba utanzu wenye hadhira kubwa kiasi hicho haujapewa na wahakiki nafasi wanayoipa riwaya au utenzi.

Mhakiki Mjerumani Wolfgang Iser alifafanua kwamba kila matini hubeba ndani yake msomaji ambaye mwandishi amemwazia, hata kabla msomaji wa kweli hajaishika karatasi. Dhana hiyo inafaa hapa. Waraka unapomwambia muumini apige kura kwa dhamiri, tayari umeshaamua muumini huyo ni nani, anaishi na nani, na anaogopa nini.

2.0 Mahali pa kusomea

Rasbura imo katika mji wa Lindi, mwambao ambao Uislamu una umri wa karne nyingi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kaskazini mwa Lindi katika pwani hiyo hiyo, ulikuwapo karne kadhaa kabla Ukristo wa wamisionari haujafika. Ukristo wa Lindi ulijengeka zaidi bara kuliko pwani. Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu waliweka makazi Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia wakajenga Lukuledi, Nyangao na Ndanda. Jimbo Katoliki lenyewe lilianzishwa Nachingwea mwaka 1963, na ni mwaka 1986 tu lilipochukua jina na makao ya Lindi. Kwa hiyo Kanisa limeshuka pwani likiwa mgeni aliyewakuta wenyeji.

Historia hiyo ina kovu. Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea bara. Misheni ya Nyangao nayo ilishambuliwa. Waliopigana hawakuwa na sababu ya kumtenganisha mmisionari Mjerumani na dola ya Kijerumani. Makala haya hayalinganishi vita vile na uchaguzi wa leo. Tukio linatajwa kwa sababu linaonyesha jambo moja lililodumu. Katika ukanda huu Kanisa halikuwahi kusikika likisema na waumini wake peke yao. Daima kulikuwa na msikilizaji wa pili, naye alijiuliza Kanisa limesimama upande wa nani.

Msikilizaji huyo leo ni jirani. Ndiye anayekuja na mkeka msibani, ndiye anayealikwa sikukuu, na katika koo nyingi za kusini ni mjomba au shangazi wa damu. Hospitali ya Nyangao, iliyotokana na misheni, huwatibu wote bila kuuliza dini. Lakini huduma hizo nazo zina siasa yake. Hati ya makubaliano kati ya Serikali na makanisa ya mwaka 1992, iliyohusu elimu na afya, imelalamikiwa kwa miaka mingi na Waislamu wanaoiona kuwa upendeleo. Mgonjwa mmoja anaweza kuishukuru hospitali na kuitilia shaka hati hiyo kwa wakati mmoja.

3.0 Ilani na Muongozo: siasa ya jina

Mwaka 2009 zilitoka hati mbili zilizohusishwa na Kanisa Katoliki: mpango wa kichungaji wa kuhamasisha jamii kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2010, na ilani ya vipaumbele vya taifa iliyoandaliwa na Wanataaluma Wakristo. Hazikumtaja mgombea. Zilieleza sifa za kiongozi anayefaa, zikakemea rushwa, zikamtaka mwananchi ashiriki. Muda mfupi baadaye Shura ya Maimamu ikatoa muongozo wake kwa Waislamu kuhusu uchaguzi huo huo.

Mjadala uliofuata ulihusu maudhui, lakini mhakiki hana budi kuanzia kwenye majina. Katika Kiswahili cha siasa za Tanzania, ilani ni neno la chama. Chama Cha Mapinduzi huwaendea wapigakura na Ilani ya Uchaguzi, na vyama vingine hufanya vivyo hivyo. Muongozo nao una mwangwi wa Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Pande zote mbili za imani zilikopa msamiati wa chama ili kusema jambo ambalo zilisisitiza si la chama. Msomaji wa kawaida aliyehisi kwamba dini zimeingia ulingoni hakukosea kusoma. Alisoma kile ambacho majina yenyewe yalisema.

Miongoni mwa waliopinga hadharani hati za Kanisa alikuwa Kingunge Ngombale-Mwiru, mwanasiasa mkongwe mzaliwa wa Kilwa. Hofu yake kwamba dini moja ikitoa hati nyingine zitajibu ilithibitishwa na muongozo wa maimamu. Hata hivyo, hoja ya kwamba viongozi wa dini wakae kimya kabisa haina mashiko. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 20(2), inakataza chama cha siasa kusajiliwa kwa lengo la kukuza imani au kundi la dini. Haimkatazi muumini kupima siasa kwa imani yake. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ambayo majina ya hati za 2009 yaliififisha.

4.0 Nyaraka za 2018: nguvu ya vigezo

Mwaka 2018 utanzu huu ulifikia ukomavu. Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania ulihoji kuzuiwa kwa shughuli za kisiasa na kubanwa kwa vyombo vya habari. Wakati wa Pasaka, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania wakatoa waraka wenye jina Taifa Letu, Amani Yetu, uliozungumzia hofu ya utekaji na mauaji, uhuru wa kutoa maoni, na haja ya katiba mpya. Miezi michache baadaye barua kutoka ofisi ya usajili wa jumuiya, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ilitaka waraka huo wa Pasaka ufutwe. Barua hiyo ilipofahamika kwa umma, wizara ilijitenga nayo.

Ubora wa nyaraka hizi uko katika namna zinavyotumia imani. Kwa muda mrefu mahubiri ya siasa yaliegemea sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inayohimiza utii kwa mamlaka. Nyaraka za 2018 hazikuikana sura hiyo, bali ziliisoma pamoja na wajibu wa mamlaka kuwatumikia watu kwa haki. Mpigakura anayedokezwa humo hatakiwi kutii kwa upofu wala kuasi. Anatakiwa kuuliza: je, mwenye madaraka analinda uhai? Anaheshimu sheria aliyoapa kuilinda? Anavumilia kukosolewa?

Maswali hayo yanaweza kuulizwa na mtu wa imani yoyote. Neno letu katika jina la waraka wa Kilutheri lina uzito kwa sababu halina mipaka ya ubatizo. Mkristo wa Rasbura aliyeusikia angeweza kuusimulia barazani bila kubadilisha sentensi. Mzazi Mwislamu ambaye mwanawe hajulikani alipo angeusikia kama waraka wake pia. Hicho ndicho kipimo ambacho makala haya yanapendekeza kwa utanzu mzima: je, waraka unasimulika katika ua wa jirani?

Waraka wa Pasaka haukupokelewa kwa namna moja hata ndani ya Kanisa lililoutoa, kwa kuwa si kila dayosisi iliusoma. Jambo hilo limeelezwa kama usaliti na wengine, na kama busara na wengine. Kwa uhakiki huu lina maana nyingine. Linaonyesha kwamba hata maaskofu hawakuwa msomaji mmoja, na kwamba Mkristo mmoja mwenye msimamo mmoja wa kisiasa ni kiumbe wa karatasini.

5.0 Tamko la bandari: nguvu iliyopotea njiani

Tarehe 18 Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa Serikali ya Tanzania na Dubai kuhusu uendeshaji wa bandari, na Jumapili iliyofuata likasomwa parokiani. Hoja zake zilikuwa za kiraia: rasilimali ni mali ya wananchi, wananchi wengi wameonyesha kutoridhika, na Serikali ina wajibu wa kuwasikiliza. Tamko liliegemea msemo wa kale unaoilinganisha sauti ya watu na sauti ya Mungu.

Kimantiki, tamko hili ni ndugu wa nyaraka za 2018. Kimapokezi, lilikwenda njia nyingine. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa Mwislamu kutoka Zanzibar na mwekezaji alitoka nchi ya Kiarabu. Mjadala wa bandari, ambao tayari ulikuwa na harufu ya Utanganyika na Uzanzibari, ukapata na harufu ya dini. Katika pwani ambayo ina undugu wa karne nyingi na Uarabuni kwa biashara, ndoa na ibada, tamko lililosomwa kanisani lingeweza kusikika kama kauli ya dini moja juu ya ndugu wa dini nyingine, hata kama maaskofu hawakukusudia hivyo.

Mtetezi wa tamko atasema kwamba mwandishi hawajibiki kwa msikilizaji mwenye dhana mbaya. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Anayedai kusema kwa sauti ya watu analazimika kuwaonyesha watu hao ni akina nani. Tamko halikumpa msikilizaji wa Lindi mfano hata mmoja ambao angejitambua ndani yake, ilhali mifano ilikuwa mlangoni. Likong'o, ndani ya Manispaa hiyo hiyo ya Lindi, ndiko kulikotengwa eneo la mtambo wa kusindika gesi asilia, na wakazi wake waliishi miaka mingi wakingoja fidia ya ardhi. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi. Mwaka 2018 wakulima wa korosho waliona jeshi likipewa kazi ya kununua mazao yao kwa bei iliyotangazwa na Serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo. Katika mambo hayo yote, swali la nani mwenye rasilimali na nani aulizwe kabla haijaamuliwa lilikuwa swali la Mwislamu na Mkristo kwa pamoja.

Kama tamko lingepita Likong'o kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam, hoja yake isingebadilika, bali ingepata mashahidi. Msikilizaji wa Rasbura asingeuliza maaskofu wanampinga nani. Angejua wanamtetea nani.

6.0 Ushahidi wa sanduku

Dhana kwamba dini ndiyo inayochagua inapata pigo kubwa Lindi kwenyewe. Mwaka 2010 Chadema ilimsimamisha urais Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Wapinzani wake walikiita chama hicho cha kanisa, kama walivyozoea kuiita CUF chama cha msikiti. Mwaka huo huo jimbo la Lindi Mjini, ambamo Rasbura imo, lilimchagua Salum Khalfan Barwany wa CUF, mtu mwenye ualbino, wakati ambapo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 2015 jimbo hilo likarudi CCM. Dini za wakazi hazikubadilika kati ya chaguzi hizo mbili. Kilichobadilika ni hukumu yao.

Kilwa inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 2015 majimbo yake yote mawili yalikwenda CUF. Kilwa Kaskazini ilimchagua Vedasto Ngombale, mwenye jina la kwanza ambalo masikio ya Kitanzania hulihusisha na ubatizo. Wapigakura wengi wa wilaya yenye Waislamu wengi, kupitia chama kilichobandikwa lebo ya Uislamu, walimtuma bungeni mtu mwenye jina hilo. Chama hicho kilikuwa katika muungano wa UKAWA, uliomuunga mkono Edward Lowassa, Mlutheri, dhidi ya John Magufuli, Mkatoliki. Anayesoma siasa za pwani kwa kamusi ya dini peke yake hawezi kuitafsiri sentensi hiyo.

Haifuati kwamba imani haina kazi. Inafuata kwamba kazi yake haionekani mahali ambapo wengi huitafuta.

7.0 Imani inapofanya kazi kimyakimya

Uchaguzi mkuu wa 2010 na wa 2015 ulifanyika siku ya Jumapili. Ule wa 2020 ukafanyika Jumatano. Kwa Mkristo wa miaka ile ya Jumapili, ibada na kura zilikuwa safari za siku moja, pengine kwa vazi lilelile. Kuungama rushwa madhabahuni na kupokea kanga ya mgombea mlangoni vilitenganishwa na saa chache tu. Hapo ndipo imani inapokutana na kura bila mpatanishi: katika aibu ya mtu anayejua alichopokea na alichokisema kwenye sala.

Shule nyingine ni jumuiya ndogondogo za Kikristo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Huko familia jirani husali kwa zamu nyumba kwa nyumba, huchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, husomewa mapato na matumizi, na humwondoa kiongozi aliyeshindwa. Sinodi za Waanglikana na Walutheri hufanya kazi inayofanana kwa ngazi nyingine. Mama aliyezoea kumwuliza mhazini wa jumuiya senti zilikokwenda amejifunza swali ambalo anaweza kumwuliza diwani. Mafunzo hayo hayatajwi katika nyaraka, ingawa huenda yana uzito kuliko nyaraka zenyewe.

Kwa Mkristo wa mahali pa wachache, mafunzo hayo huongezewa somo moja. Kura yake ni siri, lakini kanisa analokwenda si siri. Waraka mzito unaposomwa Jumapili, Jumatatu yeye huulizwa sokoni kana kwamba aliuandika. Hulazimika kueleza, kupunguza ukali, kukubali penye kosa, na kutetea penye haki. Nyaraka zimemwazia kuwa msikilizaji, ilhali maisha yamemfanya kuwa mfasiri. Taswira ya mpigakura Mkristo isiyoiona kazi hiyo ya ufasiri ina upungufu, kwa maana humo ndimo imani yake ya kisiasa hupimwa kuliko ndani ya kituo cha kura.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nyaraka za kichungaji zimesogea mbali na kosa la kumchagulia muumini mgombea, na kwamba mwaka 2018 zilitoa vigezo vinavyostahili kusomwa na taifa zima. Umeonyesha pia kwamba zinayumba pale zinapokopa lugha ya chama, kama mwaka 2009, au zinapodai sauti ya watu bila kuwataja watu wa pembezoni, kama mwaka 2023. Salamu kwa watu wote wenye mapenzi mema haitoshi kumwingiza jirani katika waraka. Jirani huingia pale shida yake inapotajwa kwa jina.

Juni 2024 Baraza la Maaskofu Katoliki lilimchagua Askofu Wolfgang Pisa wa Jimbo la Lindi kuwa Rais wake. Nyaraka za kitaifa sasa zina saini ya mchungaji ambaye kanisa lake kuu liko katika mji wa Waislamu wengi. Uteuzi huo hauhakikishi mabadiliko ya utanzu, lakini unaupa utanzu msomaji wa kwanza tofauti na waliotangulia. Waraka ujao ukiandikwa kwa sikio la Rasbura, utahitaji kuwa na Likong'o ndani yake, na korosho, na kijana aliyetoweka bila kuulizwa dini yake. Hapo Mkristo atakayesimamishwa sokoni Jumatatu hatakuwa na haja ya kuutetea. Atausimulia tu, na jirani yake ataona kwamba naye alikuwa akisemeshwa.